Akiba ya Nchi ni Mali ya Nani?

Serikali ina matumizi yasiyoweza kungoja: mishahara ya waalimu na askari, dawa za zahanati, matengenezo ya barabara. Fedha hizo zatoka wapi? Nyingine zatoka katika kodi. Nyingine katika ushuru wa forodha, kama ule ulipwao Kasumbalesa, huku kwetu Sakania. Nyingine zatoka katika shaba.

Tutofautishe. Mkulima auzaye mahindi atavuna tena mwakani. Auzaye shamba lenyewe hatalivuna tena. Kodi na ushuru ni mavuno ya kila mwaka. Shaba ni shamba: ikisha kuchimbwa na kuvuka mpaka, hairudi.

Wazee wetu waliyaona madhara ya kusahau jambo hilo. Mwaka 1974 bei ya shaba ilipanda sana, na serikali ya Zaire ilitumia kwa wingi na kukopa kwa wingi. Mwaka 1975 bei ilianguka, na nchi ikashindwa kulipa madeni yake.

Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 yaagiza hivi: mgodi wa shaba hulipa 3.5 kwa mia ya thamani ya shaba iuzwayo. Katika kila faranga 100 za malipo hayo, 50 ni za serikali ya Kinshasa, 25 ni za jimbo, 15 ni za eneo ambamo mgodi umo, na 10 ni za Mfuko wa Madini kwa Vizazi Vijavyo, ili watoto wapate riziki shaba itakapokwisha.

Mtu atauliza: Je, ni haki kuwawekea wasiozaliwa, hali mtoto wa leo amelala mgonjwa bila dawa? Swali hilo si la ukaidi. Haki ya mgonjwa haingoji. Kwa sababu hiyo faranga 90 zimeachwa kwa matumizi ya leo. Basi dawa zikikosekana, kwanza tuulize hizo 90 zimekwenda wapi, kabla ya kunyosha mkono kwenye zile 10. Maana asiyezaliwa hana sauti barazani, wala hawezi kumshitaki mtu. Aliye mnyonge hivyo ni rahisi kuibiwa.

Tena, mshahara ulipwao kwa akiba mwaka huu utadaiwa tena mwakani, nayo akiba haitakuwapo. Matumizi ya kila mwaka yalipwe kwa mapato ya kila mwaka. Akiba haiozi, husema wahenga. Lakini huliwa, na mlaji wa kwanza huwa ndiye mshika ufunguo, asipoulizwa hesabu.

Shikeni haya moyoni:

Swali: Akiba ya nchi ni mali ya nani?
Jibu: Ni mali ya watu wote, waliopo na watakaokuja, anayeitunza ni mwekwa amana tu.

Swali: Wajibu wetu ni nini?
Jibu: Kulipa kodi iliyo halali, na kudai hesabu yake kwa adabu na bila hofu.