Ua Moja Lenye Ukingo Mweupe
(1 Wakorintho 3:6-7)



Sisi tukaao Singida twaijua alizeti. Nyuki hutwaa unga wa ua hili akaupeleka katika ua lile; aina mbili zikipandwa karibu huchanganyika, hata mbegu ya mwaka wa pili haifanani na ya kwanza. Basi na tusikilize habari za ua jingine.

Huko Uingereza liko ua jekundu liitwalo popi, liotalo kama gugu katika mashamba ya ngano. Mwaka 1880 kasisi William Wilks wa Shirley, karibu na London, aliona katika pembe ya bustani yake popi moja lenye ukingo mwembamba mweupe. Akalitia alama, akatunza mbegu zake. Mwaka uliofuata akapata maua kama 200, na katika hayo manne au matano tu yalikuwa na weupe. Hakukata tamaa. Mwaka kwa mwaka alichagua yaliyo bora, hata akapata maua ya rangi nyingi, tangu meupe hata mekundu, na doa jeusi la katikati likatoweka.

Ni nani aliyetia ule weupe wa kwanza? Si Wilks. Yeye aliuona, akautunza. Waalimu, mkihesabu wanafunzi wa ubatizo na kuona walishikao Neno ni wanne tu, msiseme kazi ni bure. Watunzeni hao wanne.

Tena, popi hizo zikiachwa zijipande zenyewe, polepole huurudia wekundu wa kale. Ndivyo zilivyo nyumba zetu. Babu alibatizwa kwa machozi, baba akazoea, na mwana asiyefundishwa hurudi kule alikotoka babu. Imani hairithiwi kama ng'ombe. Kwa hiyo Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, atufundisha kwamba Adamu wa kale hana budi kuzamishwa kila siku kwa toba.

Lakini tuangalie: mtunza bustani hung'oa maua asiyoyataka, sisi hatukupewa kung'oa watu (Mathayo 13:29). Kijana aliyepotoka tusimfukuze upesi. Labda ukingo mweupe umo, nasi hatujautazama. La kung'oa ni dhambi iliyo mioyoni mwetu wenyewe.

Basi kila mzazi na afungue Kitabu pamoja na watoto wake jioni ya leo, asingoje Jumapili. Naye Mungu akuzaye awabariki. Amina.