Karafuu Katika Mvinyo wa Krismasi



Desemba ikikaribia, Waswahili tuishio Lewisham huanza kuulizana: mwaka huu tuwapeleke watoto wapi wakaone taa? Wengi huishia Greenwich, maana ni karibu. Treni ya DLR kutoka Lewisham hadi kituo cha Cutty Sark ni safari ya dakika chache tu. Pale kuna soko la kale lenye paa, ambalo hupambwa kwa ajili ya Krismasi. Kuna meli ya Cutty Sark iliyoundwa mwaka 1869. Kuna pia majengo ya kilichokuwa chuo cha wanamaji cha kifalme, na ndani yake ule ukumbi wenye dari la michoro ambamo mwili wa Nelson ulilazwa Januari 1806 watu wapite kuuaga. Ni mahali pazuri, asikudanganye mtu.

Swali la kujiuliza ni hili: je, ni haki kwetu sisi Waafrika kuufurahia uzuri huo bila kuuliza ulitoka wapi?

Ukitembea kidogo kuelekea magharibi utafika Deptford, mtaa ulio ndani ya Lewisham yetu. Hapo Mfalme Henry VIII alianzisha kiwanda cha kuundia meli zake za kivita mwaka 1513. Na ni hapo, Desemba 1762, ilipotia nanga meli iliyombeba kijana wa Kiafrika, Olaudah Equiano. Alikuwa amemtumikia bwana wake, ofisa wa jeshi la majini, kwa miaka ya vita, akitumaini kwamba sasa ataachwa huru. Badala yake alitishwa, akashushwa mashuani, akapelekwa kwenye meli nyingine chini ya mto na kuuzwa kwa nahodha aliyekuwa akielekea visiwa vya Karibiani. Aliununua uhuru wake mwaka 1766 kwa pauni 40, na kisa hicho akakisimulia katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1789.

Wapo miongoni mwetu wanaosema: kama ni hivyo, tusiende, sherehe zao tuwaachie wenyewe. Wengine hujibu kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinaruka jambo. Anayesusa hamrudishii Equiano hata senti moja, bali anawanyima tu watoto wake taa. Naye mwenye methali asisahau kwamba hakuna mganga anayetibu bila kuuliza ugonjwa ulianzaje.

Lakini kuna jambo gumu zaidi, nalo linatuhusu wenyewe. Pita kwenye vibanda vya masoko ya Krismasi, na hata kama hunywi, utanusa mvinyo mwekundu unaochemshwa kwa mdalasini, maganda ya machungwa na karafuu. Harufu hiyo kwetu si ngeni. Katika karne ya 19 Unguja na Pemba ziliongoza duniani kwa karafuu, na mashamba yake yalihudumiwa na watumwa walioletwa kutoka bara, wengine kutoka pande za Ziwa Nyasa. Wenye mashamba hawakuwa Waingereza. Walikuwa Waarabu wa Oman, na Waswahili wenzetu pia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873 kati ya Sultani Barghash na Uingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Mkunazini, pale pale soko lilipokuwa. Hata hivyo utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hadi 1897. Leo wageni wanaipiga picha milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, nasi tunaona fahari. Je, huwa tunawaeleza ni jasho la nani lililoilipia?

Basi anayeidai Greenwich ukweli, na Unguja aidai vilevile. Tukiwa wakali kwa majumba ya wenzetu na wapole kwa ya kwetu, hiyo si haki tena, ni ushabiki.

Je, maana yake tuache kufurahi? La hasha. Fundi aliyechora dari na fundi aliyechonga mlango walifanya kazi njema, na kazi njema inastahili kutazamwa. Ila mtalii hupiga picha akaenda zake. Sisi watoto wetu wanasoma hapa na kodi tunalipa hapa. Mkazi ana wajibu ambao mpita njia hana, yaani kuijua habari ya mahali anapoishi na kuisema bila chuki.

Kwa hiyo nendeni Greenwich, mle na mfurahi. Kisha mfike na Deptford, mwaoneshe watoto mto, mwaambie habari za kijana Equiano. Na mtoto akiuliza karafuu zile zilitoka wapi, ajibiwe yote, na ya kwetu pia.

Nawatakia sikukuu njema. Mwenye maoni tofauti atuandikie, tuendelee kujadiliana.