Ubainifu juu ya Kusoma Habari za Maisha ya Watu

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baadu:

Ndugu zangu Waislamu, wengi wenu mwapenda kusoma vitabu ambavyo watu wameandika habari za maisha yao wenyewe. Mtu huketi barazani baada ya Alasiri, akafungua kitabu, akasafiri na mwenyewe mwandishi hata Magharibi ikaadhiniwa. Akiuliza muulizaji: Je, huu si upuzi na kupoteza wakati? Twamjibu: Si upuzi, iwapo msomaji ajua namna ya kusoma. Mwenyezi Mungu ametusimulia katika Qur'ani habari za Manabii na za kaumu zilizopita, na kisa cha Nabii Yusuf amekisifu kwa uzuri wake, akatubainishia ya kuwa visa hivyo vina mazingatio kwa wenye akili. Basi utamu wa kisa si haramu; la kutakikana ni kuwa mazingatio yafuatane na utamu.

Na namna ya kusoma tunayo tayari katika fiqhi yetu, katika mlango wa hukumu. Mtu akisimama mbele ya kadhi, neno lake ni la namna mbili. Akisema la kujidhuru nafsi yake, kama kusema, "Nadaiwa na fulani," hiyo ni iqrari, nayo hupokewa bila ya shahidi. Akisema la kujinufaisha, kama kusema, "Fulani namdai," hiyo ni daawa, na kadhi humtaka mashahidi. Tena iqrari ya mtu humfunga yeye peke yake, haimfungi mwenziwe. Basi jueni ya kuwa mwenye kuandika maisha yake naye amesimama mahali hapo, na msikilizaji ni wewe msomaji.

Tazama Imamu Ghazali, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi'i, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111). Katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dalal asimulia jinsi alivyokuwa mwalimu mkubwa wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, kisha akajichungua moyo wake, akaona ya kuwa nia yake katika kusomesha haikumkusudia Mungu peke yake, bali ilitaka cheo na sifa. Ulimi wake ukafungika, asiweze kusomesha, chakula kikamshinda, hata akauhama mji ule mwaka 488 wa Hijra (1095). Nani angaliyajua hayo ya moyoni lau yeye hakuyasema? Hiyo ndiyo iqrari. Nasi tusomeshao vyuoni, kila tukiisoma yatupasa tuziulize nia zetu.

Sasa tazameni kitabu cha kwetu: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Na Mjerumani Heinrich Brode akayatia katika herufi za Kizungu, yakapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni kitabu kitamu. Asema alianza safari za karibu naye ni kijana wa miaka 12, akichuuza sandarusi. Kisha ataja safari zake za bara, na mali aliyokopa kwa Taria Topan, na vita vyake na Nsama wa Itabwa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, ambako alijeruhiwa kwa mishale. Mwenye kukisoma hupata humo habari za ushujaa, na subira, na hesabu za biashara, na lugha safi ya wazee.

Lakini mimi nawaandikia kutoka Ilemba, katika bonde la Rukwa, chini ya milima iitwayo Lyamba lya Mfipa. Misafara ya pwani ilipita katika nchi hii ya Ufipa karne ya 19, na wajukuu wa waliopitiwa na misafara ile wapo, na baadhi yao twasali nao safu moja. Msomaji wa pwani husema: Babu zetu walikuwa mashujaa. Msomaji wa huku huuliza: Pembe zimehesabiwa kwa frasila, na wale waliozibeba mabegani, majina yao yako wapi?

Ndugu zangu, msilikasirikie swali hili, kwani ni swali la kadhi. Hamed asemapo ya kuwa aliteka watu vitani, hiyo ni iqrari, imethibiti juu yake kwa kalamu yake. Asemapo ya kuwa Nsama ndiye aliyeanza hiana, hiyo ni daawa. Na Nsama hakuacha kitabu. Hatumtukani maiti, wala hatumzulii. Twasema tu ya kuwa mdai mmoja amesikiwa, na mwenziwe bado.

Basi shikeni mambo matatu. La kwanza: ukiona iqrari ya mtu, usimcheke, jitazame wewe, huenda ugonjwa ule unao. La pili: ukiona daawa, tafuta shahidi, kwa wazee na kwa vitabu vya watu wengine, hata ikiwa mdai ni babu yako. La tatu: mwenye kutangaza maasia yake kwa fahari, au kufichua aibu za jirani yake, huyo si mwenye iqrari, wa kwanza amevua sitara aliyositiriwa na Mola wake, na wa pili amesengenya. Funga kitabu chake.

Kisha kumbukeni ya kuwa kila mmoja wetu anacho kitabu kinachoandikwa, wala kalamu haimo mkononi mwake. Siku ya Kiyama atapewa, aambiwe akisome mwenyewe, naye hataona dogo wala kubwa lililoachwa. Mpagazi asiyetajwa katika kitabu cha tajiri, huko ametajwa. Na kila aliyedhulumiwa atasikiwa.

Ewe Mola wetu, turuzuku kujihesabu kabla ya kuhesabiwa, na utupe vitabu vyetu kwa mikono ya kuume. Amin. Wallahu a'lam.