Jumanne: Shule ya Kwanza ya Musa

Soma Kutoka 2:1–10, Matendo 7:22, 23, Waebrania 11:24–26. Yokebedi aliutumiaje muda aliopewa?

Yokebedi alijua kwamba hekima yote ya Misri inamngoja mwanawe katika nyumba ya Farao. Kwa maelezo ya Ellen G. White, alikaa naye hadi umri wa miaka 12 hivi. Musa alipofikia miaka 40, alichagua kuteswa pamoja na watu wa Mungu.

Leo wazazi hushindana kutafuta shule ya Kiingereza, wengine hata kumpeleka bweni mtoto wa miaka mitano. Mwaka 1872 Ellen White alishauri wazazi wawe walimu pekee wa watoto mpaka miaka 8 au 10. Hata hivyo, mwaka 1904, akijua kwamba wazazi wengi hawaifanyi kazi hiyo, aliunga mkono shule ya kanisa kwa watoto wadogo. Basi mama anayetoka alfajiri kwenda sokoni asihukumiwe. Lakini ada hainunui malezi. Jioni bado ni zamu ya mzazi.

Kabla ya kuuliza shule ipi inafaulisha zaidi, jiulize: Je, mtoto wako atasali na nani usiku huu?