Kuachwa Huru na Kuwa Huru



Wengi hudhani kwamba uhuru ni kuondokewa na bwana, basi. Hebu tuyatazame yaliyotokea Unguja. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, zama za Sultani Barghash. Kisha tarehe 6 Aprili, 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed akatoa amri kwamba sheria haitautambua tena utumwa. Lakini ilimpasa mtumwa aende mwenyewe kuuomba uhuru wake, na aliyepewa alitakiwa aonyeshe makao na njia ya riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Na fidia alilipwa nani? Bwana wake! Masuria, ila waliotendewa ukatili, waliambiwa wangoje. Wakangoja hata mwaka 1909.

Je, mtu asiye na shamba angeonyesha makao gani? Wengi walibaki mle mle katika mashamba ya mikarafuu. Wako wasemao kwamba walibaki kwa kuwa waliuzoea utumwa. La hasha! Walibaki kwa kuwa ardhi yote ya kulima ilikuwa ya wengine.

Qurani Tukufu, katika Sura Al-Balad, inapotaja kumwacha huru mtumwa, papo hapo yataja kumlisha yatima na maskini siku ya njaa. Sidhani kwamba mambo hayo yamewekwa pamoja bure.

Nawe, ndugu, ikiwa unaye mtumishi nyumbani, jiulize: je, aweza kukukatalia neno asilolipenda, na jioni yake bado akapata chakula na mahali pa kulala?