Nani Ashike Saa?

Kwa Kiswahili tunasema mtu “amekata roho”, kana kwamba kufa ni tendo la mara moja, kama kukata kamba. Hospitali zinazochukua figo za watu waliokufa kwa moyo kusimama haziwezi kuridhika na neno hilo. Hizo hulazimika kuhesabu.

Hali yenyewe huwa hivi. Mgonjwa ameumia ubongo vibaya na hatapona, ingawa ubongo wake haujafa wote. Madaktari na familia wamekubaliana kuondoa mashine ya kupumulia. Kama mwenyewe aliwahi kutamka kwamba anataka kutoa viungo vyake, au ndugu wakiridhia, timu ya upasuaji hujiandaa chumba cha jirani. Mashine inaondolewa, moyo unadhoofika, unasimama. Kuanzia hapo saa inahesabiwa na hakuna anayemgusa. Uingereza huhesabu dakika 5. Italia, kwa sheria, dakika 20. Kule Pittsburgh, Marekani, utaratibu wa miaka ya mwanzo ya 1990 uliruhusu dakika 2. Basi mtu yuleyule, dakika ya kumi, ni mgonjwa mjini Roma na ni marehemu mjini London.

Je, namba hizi zimeokotwa tu? Hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofuatilia wagonjwa 631 katika Kanada, Ucheki na Uholanzi, ulionyesha kwamba moyo uliokwisha kusimama huweza kupiga tena kidogo wenyewe, lakini hakuna uliofanya hivyo baada ya kusimama zaidi ya dakika 4 na sekunde 20. Kwa hiyo dakika 5 zina msingi. Hata hivyo zinajibu swali moja tu: moyo utarudi wenyewe? Swali la pili linabaki: ungeweza kurudishwa? Pengine ndiyo, kama daktari angebonyeza kifua dakika ya sita. Habonyezi kwa sababu ilikubaliwa asibonyeze. Kifo hiki, kwa sehemu, kinasimama juu ya ahadi.

Wapo wanaosema hiyo ni hila. Mimi sikubaliani nao. Mzee anapofia nyumbani kijijini, hakuna anayembonyeza kifua, na hakuna anayedai kwamba bado yu hai. Tunamfumba macho, tunaanza kulia. Tofauti ni kwamba pale kijijini hakuna anayengoja kitu kutoka mwilini mwake (urithi tuuache kando). Ndiyo maana kanuni inayomkataza daktari wa upandikizaji kuthibitisha kifo cha mtoaji naiona nzito kuliko ubishi wote wa dakika 2, 5 au 20.

Lakini kuna kikomo kingine, nacho hakizungumzwi sana. Mashine ikishaondolewa, moyo unaweza kukataa kusimama. Wapasuaji husubiri: Uingereza kwa kawaida angalau saa tatu kwa ajili ya figo, kwingine dakika 60 au 90. Muda ukipita wanakusanya vifaa na kuondoka. Mgonjwa anarudishwa wodini, na huenda akafa usiku au kesho yake. Fikiria mama aliyekuwa akijifariji kwamba figo za mwanawe zitamwokoa mtu anayeunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Sasa anaambiwa haiwezekani tena. Kwa nini? Kwa sababu mwanawe amechelewa kufa. Nimetafuta namna ya adabu ya kulisema jambo hili, sijaipata.

Hapa pana hatari kubwa kuliko ile ya dakika 5. Dawa ya maumivu hutolewa ili mtu asiteseke. Haiwi halali kuiongeza kwa kuwa chumba cha upasuaji kinasubiri. Zaidi ya hayo, haraka yenyewe mara nyingi haina sababu. Kinachoharibu figo hasa si urefu wa saa ambazo mtu anaendelea kuishi, bali muda ambao damu imepungua nguvu na haifiki kwenye figo vya kutosha. Madaktari wa Cambridge walipoongeza muda wa kusubiri kutoka saa moja hadi saa nne, walipata watoaji zaidi, na figo zao zilifanya kazi vizuri. Saa moja ya awali, basi, iliwanyima wagonjwa figo nzuri, na ndugu wakarudi nyumbani bila faraja waliyoitarajia.

Uganda ilipata sheria yake ya utoaji na upandikizaji wa viungo mwaka 2023. Siku watakapoketi kuandika taratibu za watoaji ambao moyo wao umesimama, najua watabishana kuhusu dakika. Ningeomba waandike pia nani atashika saa, na ndugu waambiwe nini, kabla mashine haijaondolewa, kuhusu uwezekano kwamba usiku utaingia na mgonjwa wao bado anapumua.