Fuvu la Kalenga na Nafsi Isiyokuwapo

Fuvu linalotunzwa katika makumbusho ya Kalenga, nje kidogo ya mji wa Iringa, linasemekana kuwa la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Alijiua kwa risasi mwaka 1898 asije akakamatwa na Wajerumani, nao wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilitoe fuvu hilo katika miezi sita. Lilirudi 1954, baada ya Gavana Edward Twining kulichagua katika makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa marehemu. Wapo wanaoutilia shaka uchaguzi huo. Lakini hata kama vipimo havikukosea, je, Mkwawa yumo ndani ya mfupa?

Buddha angesema hayumo, wala hana mahali pengine alipojificha. Mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya moyo na fahamu hupita kama maji ya mto Ruaha, na nyuma yake hakuna mwenyewe anayevimiliki. Mtawa Nagasena alimwonyesha hayo mfalme Milinda kwa gari lake: gurudumu si gari, ekseli si gari, na ukivitenganisha vyote hulioni gari. Mkwawa naye ni jina lililofunga pamoja mwana wa Munyigumba, mshindi wa vita vya Lugalo vya 1891 na mtu aliyewindwa porini baada ya ngome yake ya Kalenga kuanguka 1894.

Basi, mpinzani atauliza, mkulima wa Uyole aliyekopa mbolea Novemba si atasema Julai kwamba mkopaji alishapita? Nagasena alilijibu hilo kwa mwizi wa maembe anayejitetea kuwa aliyoyachuma siyo yaliyopandwa. Embe limetokana na kokwa; hilo latosha kumtia hatiani. Deni hufuata mfululizo wa sababu, halingoji nafsi ya kudumu. Kinachokufa ni udhuru wa mwenye hasira anayesema, “Mimi ndivyo nilivyo,” na nadhani hapo ndipo fundisho hili la kutokuwapo kwa nafsi linapotugusa hasa.

Pingamizi zito zaidi ni la kwetu: mtu ni watu, kwa hiyo nafsi ya upweke anayoibomoa Buddha hatukuwa nayo. Nakubali nusu. Ukoo nao hung'ang'aniwa kama nafsi, na wenye ukoo husema “sisi ndivyo tulivyo” kwa ukaidi uleule. Hata hivyo, wengi waliolipokea fuvu 1954 walikuwa hawajazaliwa Mkwawa alipokufa, na bado walikuwa wadai halali: dai, kama deni, hufuata mfululizo.